Homa ya chanjo ina saa zake: zijue kabla hujafungua chupa ya dawa

ILIKUWA saa tano usiku simu yangu ilipoita. Alikuwa mdogo wangu, mama wa mtoto mmoja, na alikuwa analia kuliko mtoto niliyekuwa namsikia nyuma yake.

“Dada, mtoto anachemka. Tumetoka kliniki asubuhi, kachomwa sindano zake vizuri tu. Jioni kaanza kulia, sasa hivi hata kumshika huwezi.”

Mtoto alikuwa ametimiza wiki 14. Nyumbani kwao kulikuwa na watu wazima wengine watatu, na kila mmoja alikuwa na lake. Mama mkwe alitaka mtoto afunikwe blanketi atoke jasho. Baba wa mtoto alisema hiyo ndiyo mara ya mwisho, ya miezi tisa hampeleki mtu. Jirani naye, kwa wema kabisa, alikuwa amegonga mlango na chupa ya dawa ya homa iliyobaki kwa mwanawe, akasema mpeni kijiko kimoja cha chai, atalala.

Nilimwomba mdogo wangu jambo moja kabla hajaifungua: anisomee maandishi madogo yaliyo chini ya jina la dawa. Mumewe akamulika kwa tochi ya simu yake, akasoma: miligramu 100 katika kila mililita moja.

Ile haikuwa dawa ya kijiko. Ilikuwa dawa ya matone, ambayo hutengenezwa ikiwa kali ili mtoto mdogo apewe kidogo sana kwa kidude chake cha kupimia. Kidude chenyewe kilikuwa kimeshapotea. Kijiko kimoja cha mililita tano kingekuwa miligramu 500, yaani sawa na kidonge kizima cha mtu mzima, kwa mtoto wa kilo sita.

Hawakumpa. Lakini tangu usiku ule nimejifunza kwamba hatari ya homa ya chanjo mara nyingi haiko kwenye homa yenyewe. Iko kwenye hofu yetu, kwenye chupa tusizozisoma, na wakati mwingine kwenye ugonjwa mwingine tunaousingizia chanjo. Dawa ya hayo yote inaanza na kuijua saa. Homa ya chanjo ina muda wake wa kuanza na muda wake wa kuisha, na mzazi anayeujua muda huo anajua lini atulie nyumbani na lini abebe mtoto aondoke.

Kwa nini joto linapanda

Mtoto anapofika kliniki akiwa na wiki 6, 10 na 14, sindano inayoleta homa zaidi ni ile tunayoiita penta. Inaitwa hivyo kwa sababu inakinga magonjwa matano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, na maambukizi ya bakteria anayesababisha nimonia na homa ya uti wa mgongo kwa watoto, ambaye kwa kifupi huitwa Hib.

Ndani ya sindano hiyo, sehemu ya kifaduro imetengenezwa kwa bakteria wazima waliouawa. Hawawezi kumpa mtoto ugonjwa, lakini mwili wake unawatambua kama wageni na kuanza kujipanga. Joto kupanda ni sehemu ya kujipanga huko. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kwamba watoto wanaopata homa baada ya chanjo ya aina hii wanaweza kufikia nusu ya waliochanjwa. Idadi kama hiyo hupata maumivu au uvimbe mahali palipochomwa, na wengine wengi huwa walizi kwa siku moja au mbili.

Wenye ndugu Ulaya au Marekani huenda wamesikia kwamba watoto wa huko hawasumbuliwi sana. Ni kweli. Nchi nyingi tajiri zinatumia chanjo ya kifaduro yenye vipande tu vya bakteria badala ya bakteria mzima. Inaleta homa kidogo, lakini kinga yake hupungua mapema zaidi. Yetu inasumbua usiku mmoja na kulinda kwa muda mrefu zaidi.

Na kama mtoto wako hakupata homa, usidhani chanjo haikufanya kazi. Miili inatofautiana. Wapo wanaojenga kinga nzuri bila joto kupanda hata kidogo.

Ihesabu saa

Homa ya penta huanza siku hiyohiyo, mara nyingi jioni au usiku, na huisha ndani ya siku moja hadi mbili. Chukua mfano wa mtoto aliyechomwa Jumatatu saa nne asubuhi. Joto likipanda Jumatatu jioni na kuendelea Jumanne, hilo linaingia kwenye saa za chanjo. Ikifika Jumatano saa nne asubuhi, saa 48 zimetimia. Homa inayoendelea baada ya hapo, au inayoanza Alhamisi, isamehe chanjo na utafute mwenyewe wake. Mtoto apelekwe kituoni apimwe malaria na achunguzwe.

Chanjo ya surua na rubela, inayotolewa mtoto akiwa na miezi 9 na kurudiwa akiwa na miezi 18, ina saa tofauti kabisa, na hapa ndipo wazazi wengi wanachanganyikiwa. Chanjo hii ina virusi hai waliodhoofishwa. Wanahitaji siku kadhaa kuongezeka mwilini kabla kinga haijaamka. Kwa hiyo homa haiji usiku ule. Huja kati ya siku ya 5 na ya 12, ikakaa siku moja au mbili. Kwa mtoto aliyechomwa Jumatatu, hiyo ni kuanzia Jumamosi ya wiki hiyo hadi Jumamosi ya wiki inayofuata. Huwapata watoto 5 hadi 15 katika kila 100, na wachache hutoka vipele vidogo vyekundu vinavyopotea vyenyewe.

Chanjo ya BCG ya kifua kikuu, anayopewa mtoto begani baada ya kuzaliwa, kwa kawaida haileti homa. Yenyewe huleta kipele wiki chache baadaye, kinaweza kutoa usaha kidogo, kisha kikakauka na kubaki kovu. Usikikamue, usikipake kitu, usikifunge. Mtoto mchanga mwenye homa asisingiziwe BCG.

Andika siku na saa ya sindano kwenye simu yako ukiwa bado kwenye benchi la kliniki. Ukiamka saa nane usiku na mtoto anachemka, kichwa hakitakumbuka.

Mtoto wa chini ya miezi mitatu

Hapa naomba tusome taratibu. Chanjo ya wiki 6 inamkuta mtoto bado mdogo sana. Kwa umri huo homa inaweza kuwa dalili pekee ya maambukizi makubwa ya damu au ya uti wa mgongo. Ndiyo maana miongozo ya vituo vyetu inahesabu joto la nyuzi 37.5 na kuendelea kuwa dalili ya hatari kwa mtoto wa chini ya miezi miwili.

Ni kweli kwamba sindano ya asubuhi inaweza kuwa ndiyo chanzo. Lakini huwezi kuhakikisha hilo ukiwa chumbani. Joto likiwa juu kidogo ya 37.5 na mtoto ananyonya vizuri, mpunguzie nguo, mnyonyeshe, kisha mpime tena baada ya nusu saa. Likibaki juu, mpeleke akaonwe. Mtoto wa chini ya miezi mitatu akifika nyuzi 38, au akikataa titi, au akiwa mlegevu, usisubiri kukuche.

Na usimpe dawa ya homa kwa kukisia. Uliza ukiwa kliniki, kabla hujaondoka: “Nesi, usiku akipata joto nifanye nini, na kama ni dawa nimpe kiasi gani?” Hilo ni swali la haki yako, na wahudumu wamelizoea.

Kiganja hakipimi joto

Wengi wetu tumelelewa na kiganja cha mama kwenye paji la uso. Kiganja kinaweza kukuambia mtoto ana joto kuliko jana. Hakiwezi kukuambia ni 37.8 au 39.5, na mkono uliotoka kwenye maji baridi utakudanganya kabisa.

Kipimajoto cha kidijiti kinapatikana maduka ya dawa. Kiweke kwapani pakiwa pakavu, ncha iguse ngozi, bana mkono wa mtoto kwa upole mpaka kilie. Joto la kwapani la nyuzi 37.5 na kuendelea ni homa. Usimpime akiwa ndani ya blanketi au mara tu baada ya kumwogesha. Ukiwa na namba na saa uliyopima, hata mhudumu utakayemkuta usiku atakuelewa haraka zaidi kuliko ukimwambia “anachemka sana”.

La kufanya usiku ule

Kwanza, mpunguzie nguo. Shati jepesi na nepi vinatosha. Blanketi, soksi na kofia huzuia joto kutoka, na joto linazidi kupanda. Najua neno hili ni gumu kumwambia mama mkwe. Mdogo wangu alilimaliza kwa kusema, “Mama, nesi kasema tumpunguzie nguo, lakini ndani ya chandarua.” Chandarua kilimridhisha bibi, na ni kweli kinahitajika, maana mtoto aliyevuliwa nguo ni chakula cha mbu.

Pili, mnyonyeshe mara kwa mara kuliko kawaida, hata kidogo kidogo. Homa inakausha maji mwilini. Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji ya kunywa, glukosi wala maji ya dawa za tumbo. Maziwa ya mama yanatosha. Hesabu nepi zinazolowa. Mtoto anayekojoa kama kawaida bado ana maji.

Tatu, acha maji baridi na barafu. Yanamtetemesha mtoto, na kutetemeka kunazalisha joto zaidi. Usimpake spiriti kamwe, inapenya kwenye ngozi na kuingia mwilini. Kama hali ya hewa ni ya joto, kitambaa kilicholowa maji ya uvuguvugu kinaweza kumpa nafuu. Akianza kutetemeka, acha.

Nne, paja lililochomwa liache. Kulikanda kwa maji ya moto, kulichua, kulibandika kiazi au kulipaka dawa ya meno hakuondoi uvimbe, na kunaweza kuchubua ngozi na kuingiza uchafu. Kitambaa safi kilicholowa maji ya kawaida kinatosha kupunguza maumivu. Kinundu kigumu kinaweza kubaki kwa wiki kadhaa bila shida yoyote. Kikizidi kukua, kikawa cha moto au kikatoa usaha, rudi kituoni.

Chupa mbili, dawa moja, nguvu tofauti

Dawa ya homa inayofaa kwa watoto ni parasetamoli, ambayo wengi tunaiita Panadol hata kama kampuni ni nyingine. Si kila homa inaihitaji. Mtoto mwenye joto la 38 anayenyonya na kutabasamu anaweza kuachwa bila dawa. Joto likifika 38.5, au mtoto akiwa hana raha na hawezi kulala, hapo dawa ina kazi.

Kipimo kinafuata uzito, wala si umri au ukubwa wa kijiko. Ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mtoto kwa mara moja. Uzito umeandikwa kwenye kadi ya kliniki, siku ileile ya chanjo. Dozi ya pili isitolewe kabla ya saa sita kupita, na kwa siku nzima zisizidi dozi nne.

Sasa soma chupa. Dawa ya maji ya watoto iliyozoeleka ina miligramu 120 katika mililita 5. Kwa chupa hiyo, mtoto wa kilo 6 anahitaji mililita 2.5 hadi 3. Wa kilo 8 anahitaji takriban mililita 4. Lakini dawa ya matone inaweza kuwa na miligramu 100 katika mililita moja, na hiyo ni nguvu zaidi ya mara nne ya ile ya kwanza. Chupa zinaweza kufanana rangi, harufu na hata jina. Ukichukua kipimo cha moja ukakitumia kwa nyingine, umempa mtoto dozi nne kwa mpigo. Parasetamoli ikizidi huharibu ini, na mtoto anaweza kuonekana mzima siku ya kwanza huku madhara yakiendelea ndani. Ukigundua umezidisha, usisubiri dalili. Chukua mtoto na chupa yenyewe, nenda hospitali.

Vijiko vya nyumbani navyo havilingani. Kipo kinachobeba mililita tatu na kipo kinachobeba saba. Tumia kidude kilichokuja na dawa au bomba la sindano lisilo na sindano, lenye alama za mililita. Dawa za mafua za watoto nyingi zina parasetamoli ndani yake, kwa hiyo ukimpa zote mbili umerudia dozi bila kujua. Aspirini ni marufuku kwa watoto. Diklofenaki na ibuprofeni visiguswe bila kuambiwa na daktari. Na dawa ya jirani iliyofunguliwa miezi mingi iliyopita, mshukuru jirani, kisha usiitumie.

Usiwahi homa ambayo haijaja

Kuna wazazi wanaomnywesha mtoto dawa nyumbani kabla ya kwenda kliniki, ili sindano isimletee homa. Nia ni njema, lakini mwaka 2009 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Jamhuri ya Czech kwa watoto wachanga 459. Nusu yao hivi walipewa parasetamoli ya kuzuia homa siku ya chanjo za mwanzo, wengine hawakupewa. Waliofika nyuzi 38 na kuendelea walikuwa 42 katika kila 100 kwa waliopewa, na 66 katika kila 100 kwa wasiopewa. Homa ilipungua. Lakini damu yao ilipopimwa, waliopewa dawa walikuwa wamejenga kinga ndogo zaidi dhidi ya baadhi ya magonjwa.

WHO haishauri kumpa mtoto dawa ya maumivu kabla ya sindano au wakati wa sindano. Subiri. Joto likipanda na kumsumbua, ndipo umpe. Kwa maumivu ya sindano yenyewe, mshike kifuani na umnyonyeshe. Hiyo ni dawa ya maumivu isiyohitaji kupimwa.

Degedege

Neno hili linatisha kuliko homa. Baadhi ya watoto, hasa kati ya miezi sita na miaka mitano, hupata degedege joto linapopanda. Ndiyo maana linaweza kuonekana baada ya chanjo ya miezi tisa. Ni nadra, na mara nyingi huisha ndani ya dakika tano.

Likitokea, mlaze mtoto kwa ubavu mahali tambarare, legeza nguo, ondoa vitu vigumu karibu yake. Usimwekee kijiko mdomoni, usimnyweshe kitu, usimfukize moshi. Tazama saa. Kisha mpeleke hospitali, hata kama limeisha na ametulia. Bado kuna maeneo wanaoamini kwamba degedege ni la mashetani na kwamba mtoto akichomwa sindano hospitali atakufa. Imani hiyo imechelewesha watoto wengi waliokuwa na malaria kali au homa ya uti wa mgongo, magonjwa ambayo yana tiba mtoto akiwahi.

Saa isipohesabiwa

Kuna dalili ambazo hazisubiri saa 48 wala kitu chochote. Ukiona moja tu, ondoka:

• Hawezi kunyonya au kunywa, au anatapika kila kitu.
• Amelegea, haamki vizuri, au amepoteza fahamu.
• Amepata degedege.
• Anapumua kwa shida au haraka. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12, ni mara 50 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia. Kwa wa chini ya miezi miwili, ni mara 60 au zaidi.
• Utosi umevimba, au shingo imekakamaa.
• Analia mfululizo kwa zaidi ya saa tatu na habembelezeki.
• Joto limefika nyuzi 39 au zaidi.
• Nepi haijalowa kwa muda mrefu, macho yamezama, mdomo umekauka.

Mzio mkali ni nadra mno, takriban mtoto mmoja kati ya milioni, na hutokea ndani ya dakika chache. Ndiyo sababu ya kukaa kliniki robo hadi nusu saa baada ya sindano. Uso ukivimba, pumzi ikibana au mwili ukilegea ghafla, uko mahali sahihi, mwite nesi.

Jambo lolote zito lililotokea baada ya chanjo lirudishe kituoni likaandikwe. Taarifa hizo hukusanywa na Wizara ya Afya na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) ili zichunguzwe. Usiishie kuwaambia majirani tu.

Baba alivyobadili neno

Turudi kwa mdogo wangu. Joto la mtoto lilikuwa 38.4. Walimvua blanketi, akanyonya, akalala kwa vipande. Asubuhi lilikuwa 37.6, na kesho yake hakuna aliyekumbuka.

Kilichobaki ni neno la baba kwamba ya miezi tisa hampeleki mtu. Hapa ndipo homa ya usiku mmoja inapoweza kumgharimu mtoto miaka. Surua inaambukiza kwa hewa, na mgonjwa mmoja anaweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Inapofusha, inaleta nimonia, inaua. Hata dozi moja haitoshi. Kati ya watoto 100 wanaochanjwa wakiwa na miezi tisa, wapatao 85 ndio wanaopata kinga, na ndiyo maana kuna ya miezi 18. Mzazi anayeacha katikati kwa sababu ya homa anakuwa amelipa gharama ya usiku bila kuchukua mzigo alioulipia.

Sikubishana na shemeji. Nilimuuliza tu kama angependa kuja kliniki amsikie nesi mwenyewe. Alikuja. Alikuwa baba pekee kwenye benchi lile, na ndiye aliyeuliza maswali mengi.

Siku ya nane baada ya chanjo ya surua, mtoto alipata joto la 38.1 na vipele vichache kifuani. Shemeji ndiye aliyepiga simu safari hii, saa moja asubuhi, sauti imetulia. “Shemeji, naona saa zake zimefika. Lakini tunampitisha zahanati apimwe malaria, maana mbu hawajui kalenda.”

Kipimo cha malaria kilionyesha hana. Kesho yake joto lilishuka. Leo mtoto huyo anatembea, anavunja vikombe, na tarehe yake ya miezi 18 imebandikwa kwenye mlango wa friji kwa mwandiko wa baba yake.